EcR: homoni ya kujivua gamba inaingiaje kwenye mayai ya nzi wa matunda?

Mkuu, umeuliza: kama jeni ya EcR ikiharibika nzi wa matunda anakufa mapema, watafiti walijuaje kwamba inahusika pia na mayai ya jike? Nilifanya kazi na hawa nzi wakati wa shahada ya uzamili, kwa hiyo nitajibu nilivyoona.

EcR ndiyo inayotengeneza kipokezi cha ekdisoni, yaani protini inayopokea ishara ya hiyo homoni ya kujivua gamba. Kipokezi hicho hushikana na protini iitwayo Ultraspiracle, kisha viwili hivyo huwasha jeni nyingine, E75 ikiwamo. Ekdisoni ikipanda, buu anajivua. Ikipanda sana mwishoni mwa hatua ya tatu ya ubuu, anaacha kula, anakwea ukuta wa chupa na kugeuka bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi kamili. Hilo unaliona kwa macho tu.

Mayai ndiyo yenye kazi. Nzi asiye na EcR kabisa hufia ndani ya yai, hata ubuu haufikii. Ujanja ni kutumia nzi mwenye EcR inayoyumba kwa joto: unamlea kwenye ubaridi hadi awe jike kamili, ndipo unamhamishia kwenye 29°C. Jeni inalegea wakati ovari ziko tayari.

Kila yai hukua ndani ya kijumba chenye seli 16: moja ndiyo yai lenyewe, 15 zinalilisha. Safari nzima ina hatua 14, na kizingiti kikubwa ni hatua ya 8, yai linapoanza kujaza kiini cha njano. Ekdisoni hapa inatoka kwenye ovari zenyewe. Ishara yake ikikatika, vijumba vinafia hapohapo. Ukivitia rangi ya DNA, viini vya zile seli za kulisha vinaonekana vimesinyaa na kung'aa kama punje. E75 ikiharibika, matokeo ni hayohayo.

Ila usidhani homoni nyingi ni heri. Jike akinyimwa chachu, ambayo ni chakula chake, ekdisoni yake hupanda, na vijumba hufa hatua ya 8 na ya 9 vilevile. Mtu akiniletea picha ya ovari zilizokufa, kwanza namuuliza aliwalisha nini. Pia awe na nzi wa kawaida waliokaa joto lilelile, maana joto peke yake hupunguza utagaji. Bila hivyo viwili, mimi picha hiyo siipokei.