Tufani Iko Njiani: Maswali Yenu Kabla Upepo Haujafika

Wiki hii barua zenu karibu zote zinazungumzia upepo. Nimechagua nane, nyingine nimezifupisha. Kabla ya kushika kalamu nilishika nyundo, nikiezeka mapaa ya watu, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa juu ya paa muda mrefu kuliko mahali pengine.

SWALI: Wametangaza tufani itafika keshokutwa usiku. Tangu juzi silali. Kila nikishtuka nafungua simu kuangalia ramani imesemaje. Mume wangu anasema naogopa bure.

Huogopi bure. Kitu kikubwa kinakuja na mwili wako umelijua hilo. Kinachokuchosha ni hiyo simu. Vituo vinavyofuatilia vimbunga kwa kawaida hutoa taarifa kamili kila baada ya saa 6. Unachosoma katikati ya hapo mara nyingi ni taarifa ileile, imepita kwa watu kumi wasiolala kama wewe, kila mmoja ameongeza chumvi yake. Jua saa za taarifa, soma, kisha zima.

Ramani yenyewe nayo isome vizuri. Lile umbo linaloanza jembamba na kutanuka kama faneli linaonyesha mahali ambapo kitovu cha tufani kinaweza kupita. Halionyeshi upana wa tufani. Wako watu wanaoona nyumba zao nje ya mstari kwa kidole kimoja wakaenda kulala, wakati upepo na mvua huweza kufika mamia ya kilomita kutoka kitovuni.

Ukikosa usingizi saa nane za usiku, inuka ufanye kitu kimoja cha mikono. Jaza maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, zitoshe siku 3 kwa uchache. Tia vyeti na vitambulisho kwenye mfuko wa plastiki, ukunje mdomo mara mbili. Mume wako naye, kwa kuwa haogopi, mpe kazi ya kukagua bawaba za milango.

SWALI: Jirani anasema tumeshapigwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa na hakuna kilichong'oka. Huu wanaoutaja ni wa 120, yaani mara mbili tu. Je, ni kweli?

Kasi ni mara mbili, lakini nguvu ni mara nne. Upepo hausukumi ukuta kwa kasi yake bali kwa kasi iliyozidishwa kwa kasi hiyohiyo. Ukifika 180 utakuwa na nguvu mara tisa ya ule mliouzoea. Tena hiyo 120 huenda ni wastani wa dakika kadhaa. Mapigo ya ghafla huupita wastani huo, na ndiyo yanayong'oa. Mwambie jirani kwamba paa lililohimili 60 halijafanya mtihani bado.

SWALI: Nyumba yangu ina paa la bati, nililiezeka miaka 14 iliyopita. Nina siku moja tu na nusu. Nifanye nini kitakachosaidia kweli?

Hapa nitakaa. Watu wengi wanadhani upepo hulikandamiza paa. Mara nyingi hulivuta. Ukipita juu ya nyumba kwa kasi huacha mvuto upande wa juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye kona, kwenye kingo za chini na kwenye kofia pale juu kabisa. Kwa hiyo usipoteze saa zako katikati ya paa. Anza na kona nne.

Shika ukingo wa bati, litikise. Likikujibu kwa mlio wa kuchezacheza, msumari umeshaachia mbao. Niliwahi kung'oa msumari wa namna hiyo kwa vidole viwili tu, bila nyundo: kichwa kizima, kinang'aa, lakini shina limeliwa na kutu hadi limekuwa kama kijiti cha kiberiti, na tundu kwenye mbao limepanuka, ukichungulia unaona mwanga. Kwa chini usingejua. Paa hilo lilionekana zima kabisa.

Msumari uliolegea usiugongelee tena kwenye tundu lake la zamani. Weka skrubu yenye kizibo cha mpira, pembeni kidogo, juu ya mgongo wa bati na siyo kwenye bonde maji yanapopita, na hakikisha imeingia kwenye mbao nzima. Kingo na kofia ziwe na skrubu za karibu karibu kuliko katikati. Tundu la zamani lizibwe.

Kisha ingia darini uangalie kenchi zinakutana vipi na ukuta. Mapaa mengi hayaondoki bati moja moja. Hunyanyuka mazima, mbao na bati pamoja, kwa sababu kilichoyashika ukutani ni misumari miwili iliyopigwa kwa mshazari. Ukanda wa chuma unaozunguka kenchi na kuteremka hadi kwenye ukuta wenyewe ndio dawa. Siku moja na nusu haitoshi kuufunga kwenye nyumba nzima, basi fanya kona na zile kenchi za mwisho kila upande.

Halafu milango, ambayo watu huisahau. Upepo ukivunja mlango mkubwa, hasa ule wa kuingizia gari, hewa hujaa ndani na kuanza kulisukuma paa kutoka chini, huku nje linavutwa kutoka juu. Paa gani litastahimili mambo mawili hayo? Kaza mlango huo kwa mbao za kuvuka, na ndani funga milango yote ya vyumba.

Mawe juu ya bati siyapendi. Hayazuii kona kuinuka, na yakianza kuporomoka yanamtafuta mtu. Na upepo ukishaanza kuyumbisha matawi makubwa, shuka. Uliyoyafanya yametosha, hata kama kona moja imebaki.

SWALI: Je, nibandike utepe wa gundi kwenye vioo kwa umbo la X? Na ni kweli kufungua dirisha moja hupunguza shinikizo ndani?

Hapana, mara mbili. Utepe hauongezi nguvu ya kioo. Kikivunjika hutoka vipande vikubwa vilivyoshikana, na hivyo ni vibaya zaidi. Dirisha lililoachwa wazi linafanya kazi ileile ya mlango uliovunjika niliyoieleza hapo juu. Pigilia mbao nzito kwa nje, au kama huna, kaeni chumba cha ndani kisicho na kioo.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, anaishi peke yake mita mia mbili kutoka baharini, sehemu tambarare. Tumeagizwa kuhama. Anasema ameona pepo nyingi kuliko mimi na hatoki. Nimekasirika hadi nimelia.

Marahaba. Mama hasemi uongo, ameona pepo nyingi kukuzidi. Ila usibishane naye kuhusu upepo, kwa sababu hapo alipo kinachotisha zaidi ni bahari. Tufani husukuma maji kuelekea nchi kavu hadi bahari yenyewe inainuka, na juu yake yanakuja mawimbi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Katika kimbunga cha mwaka 1970 kilichopiga nchi ambayo leo ni Bangladesh, inakadiriwa walikufa watu laki tatu au zaidi, wengi wao kwa maji hayo. Upepo unaweza kuusubiri ndani ya nyumba imara. Maji ya namna hii hayasubiriwi.

Sasa, namna ya kumwambia. Mzee anayesema "sitoki" mara nyingi ana jambo jingine ambalo halisemi. Huenda anaogopa wezi. Huenda anawaza choo cha kule mtakakokwenda, ataamkaje usiku mbele za watu. Huenda hataki kuwa mzigo kwa mke wako. Muulize lile moja, kwa upole, mkiwa wawili, bila ndugu wengine kusimama mlangoni kama askari. Kisha litatueni hilo kwanza.

Acha swali la "utaondoka au hutaondoka". Muulize: "Mama, nibebe nini kwanza?" Mkono ukishaanza kufunga mzigo, miguu hufuata. Dawa zake za wiki mbili, miwani, kadi ya kliniki, ile picha ya marehemu baba ukutani. Picha ibebeni, msimwambie ni kitu tu. Kama wewe hakusikii, mtafute anayemsikia: mdogo wake, au rika lake aliyekwishakubali kuhama. Na muende mchana, kabla barabara hazijafurika, kwa sababu maji yanayotiririka ya sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima.

Akikataa katakata, usimwachie hapo. Tafuta jengo imara la ghorofa lililo karibu naye na uombe nafasi juu. Siyo suluhisho zuri, lakini ni bora kuliko sebule yake.

SWALI: Mvua ikiwa kubwa, naweza kuwasha jenereta kwenye veranda?

Usithubutu. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, nayo imewaua watu ambao tufani yenyewe iliwaacha wazima. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Kama mvua hairuhusu, kaeni gizani kwa tochi. Jokofu lisilofunguliwa hukaa na ubaridi kama saa 4, na friza iliyojaa kama saa 48.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ananiuliza kila saa kama nyumba itaruka. Nimjibu nini?

Usimwapie kwamba haitaruka. Mwambie upepo utapiga kelele kubwa, kwamba mmechagua chumba cha kukaa, na mwonyeshe chumba chenyewe leo, kukiwa na mwanga. Mpe tochi awe yeye ndiye msimamizi wake. Watoto nimewaona wakitulia kwa kazi ndogo ya kweli kuliko kwa maneno matamu. Viatu vyake viwe kando ya godoro: asubuhi yake sakafu huwa na misumari na vioo.

SWALI: Tufani iliyopita upepo ulikata ghafla katikati ya usiku, nyota zikaonekana. Tulitoka nje kuangalia uharibifu, dakika arobaini baadaye ukarudi kwa nguvu upande mwingine. Ilikuwaje?

Mlikuwa ndani ya jicho. Katikati ya kimbunga kikali huwa na eneo tulivu, mara nyingi lenye upana wa kilomita 30 hadi 65. Likishapita, ukuta wa pili unakuja na upepo kutoka upande ulio kinyume na ule wa mwanzo, ukikuta miti na mapaa yaliyokwishalegezwa. Upepo ukikata ghafla, kaeni palepale mpaka redio iseme. Iwe redio ya betri, maana mtandao huenda umekufa.

Na hata kilichokwenda huweza kurudi. Kimbunga Freddy kiliipiga Msumbiji tarehe 24 Februari 2023, kikarudi baharini, kikaipiga tena tarehe 11 Machi. Vifaa vyenu msivirudishe stoo asubuhi ya kwanza.

Mmoja wenu ameongeza kwa mwandiko mdogo chini ya barua: mti wake umeegemea waya wa umeme tangu dhoruba ndogo ya juzi, je, aukate mwenyewe kabla hii kubwa haijafika? Usiuguse, wala usiusogelee. Kaa mita 10 kutoka kwenye waya na chochote kinachougusa, ukiwemo uzio wa chuma na dimbwi la maji chini yake, hata kama nyumba yako haina umeme. Wapigie wenye umeme sasa hivi, na kesho asubuhi wapigie tena. Wakati unasubiri, mfunge mbwa upande wa nyuma wa nyumba.