Charlotte Angas Scott: Ushauri kwa Wanaoanza Shahada ya Hisabati

Wanafunzi wapya wa hisabati huniuliza kwanza kuhusu vitabu, lakini baada ya miaka mingi ya kufundisha nimezoea kuwaeleza kwanza habari za mwanahisabati Charlotte Angas Scott, kwa sababu alisoma fani hii mahali ambapo hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi.

Alizaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka 1858, akaingia Girton, kilichokuwa chuo cha wanawake huko Cambridge, mwaka 1876, wakati ambapo Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwatambua wanawake, na kuhudhuria mihadhara kulitegemea hisani ya mhadhiri mmoja mmoja. Januari 1880 aliruhusiwa kufanya mtihani mkuu wa hisabati, maswali yale yale waliyopewa wanaume, na alama zake zikamweka sawa na aliyeshika nafasi ya nane. Orodha rasmi haikumtaja, wala hakuruhusiwa kuhudhuria hafla ya kutangaza matokeo. Hata hivyo, ilipofikiwa nafasi ya nane, wanafunzi waliokuwa ukumbini walipaza sauti, "Scott wa Girton!", hata jina lililokuwa likisomwa likamezwa na kelele. Mwaka uliofuata Cambridge iliwafungulia wanawake mtihani huo rasmi, ingawa shahada kamili hawakupewa hadi mwaka 1948.

Naomba mzingatie kwamba alipimwa kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo mnapofanya mazoezi msijipunguzie: funga daftari, jiwekee muda, andika uthibitisho mzima tangu dhana za mwanzo hadi hitimisho, kisha umpe mwenzako asiyekuonea haya ausome na akuonyeshe mstari usiosimama. Wengi, hasa mabinti walioambiwa tangu sekondari kwamba somo hili si lao, huridhika wakisifiwa kuwa wamejitahidi, nami husikitika, kwa kuwa sifa hiyo huwanyima masahihisho wanayoyahitaji.

Kwa kuwa Cambridge haikumpa shahada, Scott alifanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1882 na ya udaktari mwaka 1885, huku akifundisha Girton na kuhudhuria mihadhara ya Arthur Cayley, mwanahisabati wa Cambridge. Hivyo basi, ukikosa msimamizi au nafasi katika idara yako, ulizia kwingine mapema, na masomo yaendelee wakati unasubiri majibu.

Mwaka huo huo wa 1885 alihamia Marekani kuongoza hisabati katika chuo kipya cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, alikofundisha kwa takriban miaka 40 na kusimamia tasnifu za udaktari. Kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1894 kilisifiwa kwa kutenganisha waziwazi uthibitisho wa jumla na mfano mmoja. Hapa ndipo wengi wa mwaka wa kwanza hukwama: mwanafunzi huchora pembetatu, akaona kanuni inakubali, akaandika kwamba amethibitisha, ilhali pembetatu aliyoichora ina pande mbili zilizo sawa na hoja yake yote imeegemea usawa huo.

Jambo la mwisho linahusu kuwasilisha kazi. Scott alihudhuria mkutano wa kimataifa wa wanahisabati uliofanyika Paris mwaka 1900, na katika taarifa yake aliwalaumu wasemaji waliojisomea karatasi zao kwa sauti ya namna moja, kana kwamba hakukuwa na watu mbele yao. Lawama hiyo ilitoka kwa mtu ambaye usikivu wake ulikuwa ukipungua, nami naichukulia kwa uzito. Utakaposimama kwenye semina, eleza kwanza unachotaka kuthibitisha, andika ubaoni kwa herufi zinazosomeka kutoka viti vya nyuma, geuka uwatazame wasikilizaji kabla ya kuendelea na hatua inayofuata, na hesabu ndefu ziache kwenye karatasi utakayowagawia.