Chanjo niliyodhani ni ya watoto tu

Nimehudhuria kliniki ya kisukari miaka kumi na mmoja bila mtu kunitajia chanjo ya nimokokasi, bakteria anayeleta nimonia. Aliyenitajia kwanza ni daktari wa wodini, siku ya nne ya kulazwa kwangu, mpira wa oksijeni ukiwa bado puani. "Uliwahi kuchanjwa dhidi ya nimonia?" Nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichonitoa machozi. "Daktari, chanjo si za watoto?"

Yote yalianza kama mafua ya kawaida. Nilipoona nimepata nafuu nikarudi kazini, na usiku uleule nikatetemeka hadi meno yakagongana. Kulipokucha, kila nikivuta pumzi nilihisi kichomi ubavu wa kulia, kama nachomwa na sindano ya kushonea magunia, na makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Baadaye nilielezwa kilichotokea. Bakteria huyu hukaa puani na kooni mwa watu wengi, hasa watoto wadogo, bila kuwadhuru. Mafua makali yakishachubua njia ya hewa, anapata upenyo wa kushuka mapafuni. Akitoka hapo anaweza kuingia kwenye damu, au kufika kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Wangu alikuwa tayari ameingia kwenye damu.

Kwa nini mimi? Kisukari. Ningeweza pia kuwa na ugonjwa sugu wa moyo, mapafu, ini au figo, VVU, seli mundu, au niwe nimetolewa bandama. Wavutaji sigara na wanywaji wa kupindukia wamo vilevile, ingawa kundi hili halipendi kuambiwa. Kisha kuna umri wenyewe: Uingereza huchanja kuanzia miaka 65, na Marekani, iliyokuwa pia kwenye 65, ilishusha hadi 50 mwezi Oktoba 2024. Lakini mwenye ugonjwa sugu hana haja ya kungoja umri huo, na hilo ndilo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote pale kliniki nilipokuwa nikipimwa sukari kila mara.

Nilidhani pia kwamba nikishaugua nimejichanja mwenyewe. Si hivyo. Bakteria huyu amejifunika gamba la sukari, na magamba hayo yana aina zaidi ya 100. Kupona aina moja hakukukingi dhidi ya nyingine. Ndiyo maana chanjo zake hutajwa kwa namba, 13, 15, 20, 21, 23, yaani idadi ya aina zilizomo.

Hapo nami niliingia mtegoni: nikataka ile ya 23, si ndiyo yenye nyingi? Muuguzi akanielewesha taratibu. Ile ya 23 ina sukari za gamba peke yake, na mwili hauzikumbuki kwa muda mrefu. Zile nyingine zimeunganisha sukari hizo na protini, na protini ndiyo inayoufanya mwili ujenge kumbukumbu ya kudumu zaidi. Kwa hiyo usichague kwa ukubwa wa namba. Mara nyingi mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa akipata ya 20 au 21 amemaliza kwa dozi moja. Akipata ya 15, hufuatiwa na ya 23, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au zaidi, au mapema zaidi kwa baadhi ya wenye kinga dhaifu. Kama zamani ulichomwa ya 23, sema, kwa sababu inabadilisha mpango wako. Andika namba na tarehe kwenye kadi, maana ukirudi miaka mitano baadaye ukisema tu "nilichomwa ile ya nimonia", hujamsaidia mtu.

Inakinga kiasi gani? Uholanzi walifanya jaribio kwa wazee wapatao 85,000, wakatumia ile ya 13, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Nimonia ya aina zilizomo kwenye chanjo ilipungua kwa asilimia 46, na maambukizi ya aina hizo yanayoingia kwenye damu au sehemu nyingine ambazo kwa kawaida hazina vijidudu yakapungua kwa asilimia 75. Najua wapo watakaosoma 46 na kuguna. Mimi niliyelala na mpira puani naichukua bila kujadiliana bei.

Sindano yenyewe haina makuu. Nilingoja nipone kabisa kwanza, nikachomwa mkono wa kushoto, na ya mafua siku hiyohiyo mkono wa kulia, jambo linaloruhusiwa. Mkono wa kushoto uliniuma siku mbili, kichwa kidogo, basi. Hakuna bakteria hai ndani yake, kwa hiyo haiwezi kukupa nimonia. Ila kama mwili wako uliwahi kuikataa vibaya chanjo yoyote, hata ya dondakoo, mweleze mhudumu kabla hajavuta dawa kwenye bomba.

Na kwa kuwa aina nyingine hazimo kwenye chanjo, homa ya kutetemeka ikinirudia pamoja na kichomi, sitazunguka madukani kutafuta dawa ya kikohozi. Nitakwenda hospitali siku hiyohiyo, kadi ikiwa mfukoni.