Jedi badala ya akwamarini kwa mzaliwa wa Machi

Shoga, umeuliza kama wewe wa Machi, nyota ya Samaki, unaweza kuvaa jedi, lile jiwe la kijani, maana akwamarini, kito cha buluu cha mwezi wako, imekushinda bei. Vaa. Orodha ya mawe ya kuzaliwa, kila mwezi na jiwe lake, inayofuatwa madukani ilipangwa na masonara wa Marekani mwaka 1912, na jedi haimo. Ila ipo nyingine, ile inayonasibishwa na Tibet, na humo Machi kapewa jedi. Hata hiyo ya 1912 imetiwa viraka: mwaka 2002 waliiongeza tanzanaiti yetu kwa wazaliwa wa Disemba. Mambo ya nyota siyaingilii, kila mnajimu na lake.

Mie naogopa jiwe lenyewe. Jina la jedi lina mawe mawili, jadeiti na nefraiti. Jadeiti nzuri ya Myanmar bei yake utakimbia. Nefraiti ndiyo ya saizi yetu, na haivunjiki ovyo.

Nilinunua pete Mji Mkongwe, kijani kama jani la mgomba. Wiki mbili za kukamua tui na kufua, rangi ikapauka, ikabaki mistari tu kwenye vijiufa. Kumbe kwatzi, jiwe la kawaida tu, iliyotiwa rangi! Kwa hivyo toka nalo nje, litazame juani: ukiona rangi imejikusanya kwenye nyufa, mrudishie mwenyewe. Jedi ya kweli ni nzito kuliko unavyoitegemea, na huchelewa kupata joto mkononi.

Na kama ni bangili, ijaribu palepale dukani. Jedi haitanuliwi kwa sonara.