Maswali ya Wasomaji: Ina Nembo ya STI, Je Ni STI Kweli?

SWALI: Shikamoo mzee wa magari. Mimi kijana wa Mwanza, nimejichanga nataka Subaru Impreza, kuna moja nimeiona yadi ina nembo ya STI mbele na nyuma, spoila kubwa, bomba la moshi la kunguruma, muuzaji anasema bei imepanda kwa sababu ni STI. Mshkaji wangu anasema hizo nembo zinauzwa tu dukani. Nimsikilize nani? Na hivi nembo ina maana yoyote au ni urembo?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mshkaji wako kasema kweli, nembo ya STI, ile ya Subaru za mashindano, inanunuliwa kama stika yoyote ile, unabandika jioni na kesho asubuhi mtaa mzima wanaiita STI, kwahiyo usitoe hata shilingi ya ziada kwa ajili ya vile viherufi vya pinki mpaka umeikagua gari yenyewe.

Fungua boneti, tafuta kile kibati cha maelezo kwenye chumba cha injini halafu soma chassis namba, kwenye gari zilizotoka Japan zile herufi za mwanzo ndo zinasema ukweli wote. Ukikuta GDB hiyo ni STI ya lile umbo la 2000 mpaka 2007, GRB ni ile ya mlango mkubwa wa nyuma iliyofuata, GVB ni sedan yake. Ukikuta GDA hiyo ni WRX, ina tabo na inakimbia vizuri tu ila sio STI, na ukikuta GD2 au GD3 hiyo ni cc 1500 ya kawaida kabisa isiyo na tabo, hata wabandike nembo kumi. Halafu hakikisha namba hiyo ndo iliyopo kwenye kadi ya gari. Kaa ndani uangalie gia, GDB ni manyuo ya gia sita, sasa kama hiyo ya kwako ni ya umbo hilo na ni otomatiki basi maongezi yameisha hapo hapo. Breki nazo, STI nyingi zina kalipa (zile zinazobana breki) kubwa za kampuni ya Brembo lakini gonga kwa kucha maana siku hizi kuna vifuniko vya plastiki vimeandikwa Brembo vinavalishwa juu ya breki ndogo, na hilo ndo linaniuma kuliko yote kwa sababu mtu anaweza kuamini ana breki ambazo hana.

Nikwambie pengo lilivyo. Hiyo ya 1500 ina nguvu za farasi mia na kidogo, STI ya Japan ilitangazwa farasi 280, na walitaja 280 kwa sababu kampuni za kule zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hapo mpaka 2004. Ni gari mbili tofauti zenye bodi inayofanana. Na hiyo 1500 sio gari mbaya jamani, kwa kijana anayeanza ni nzuri sana, mafuta inatumia kiasi, mafundi wanaijua, inunue tu kwa jina lake na kwa bei yake.

Sasa swali lako la pili ndo nalipenda zaidi. Nembo ina maana, ina maana kubwa, ila maana yake inatoka kwenye kazi iliyofanyika. STI ni kampuni ya Subaru ya mambo ya mashindano, ilianza 1988, na huku kwetu hatukuipenda Subaru kwa sababu ya matangazo, tuliipenda kwa sababu tuliiona Safari Rally. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alichukua ushindi wa kundi lake na kile kigari cha Vivio, injini yake cc 660, kwenye mawe yaliyokuwa yanavunja magari makubwa. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari nzima na Impreza, 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Mtu aliyeiona ile bluu na rimu za dhahabu inatoka kwenye vumbi hawezi kuangalia zile nyota sita za Kilimia kama urembo tu.

Na sio Subaru peke yake, hii ndo historia ya majina ya magari Afrika Mashariki toka mashindano yale yalipoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda 1963 halafu ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966 mpaka 1968, wazee wakasema hii ndo gari ya barabara zetu. Datsun wakaja, Shekhar Mehta akashinda mara tano na gari zao. Joginder Singh akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer wakati watu wengi walikuwa bado hawaijui Mitsubishi. Majina hayo yalilipiwa kwa shokapu zilizovunjika na usiku wa matope, ndo maana mimi nakasirika mtu anapoyabandika kwenye gari na kukuuzia kwa bei ya juu, anauza jasho la watu wengine.

SWALI: Mkuu, mimi niko Dar. Kijiweni kwetu tumegombana, kuna jamaa anasema Supra mpya sio Supra ni BMW wamebandika nembo ya Toyota tu. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona watu wanaitaka?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu kubwa mkuu. Supra iliyotoka 2019 iliundwa Graz kule Austria kwenye kiwanda cha Magna Steyr, laini moja na BMW Z4, injini ile ya cc 3000 silinda sita ni ya BMW na ndani utakutana na swichi za BMW kibao. Ila watu wa Toyota waliichonga upya tabia yake, springi, shokapu, usukani, na Z4 ni ya kufungua juu wakati Supra ina paa, kwahiyo ukiziendesha kwenye kona hazijibu sawa.

Wanaitaka kwa sababu ya jina. Supra ya miaka ya 90 yenye injini ya 2JZ ilijijengea heshima kubwa kwa mafundi wa dunia nzima, injini unaiongezea nguvu mpaka mara mbili na chuma kinavumilia, na mtu aliyekua anaiota ile gari leo ana hela. Mimi sioni kama kadanganywa maana Toyota hawakuficha, kila mtu anajua. Angalia pia Toyota 86 na Subaru BRZ, zote zinatoka kiwanda cha Subaru mkoa wa Gunma, injini ile ile ya boksa yenye silinda zilizolala, na bado kuna watu hawasalimiani kwa sababu mmoja ana nembo hii na mwingine ile.

Ukitaka kuona nembo inavyocheza na akili za watu soma habari za Dino. Mwisho wa miaka ya 60 Ferrari walitoa gari ndogo ya V6, wakaiita Dino, jina la mtoto wa Enzo Ferrari mwenye kampuni, mtoto huyo alifariki 1956, na hawakuweka jina la Ferrari maana waliona hilo ni la V12. Leo wakusanyaji wanaigombania kama Ferrari kamili na wapo wenye Dino waliobandika wenyewe nembo ya farasi ya Ferrari. Chuma ni kile kile.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa. Tuna Mercedes C180 yenye vazi la AMG Line, mume wangu ataka kubandika C63 nyuma. Mimi naona haya. Nimkataze? Na akishabandika yaweza kutoka bila kuharibu rangi?

JIBU: Wa aleikum salaam dada. Ongea naye kwa upole ila msimamo wako ni sahihi. AMG, wale wa magari ya kasi ya Mercedes, walianza 1967, mafundi wawili Wajerumani, Aufrecht na Melcher, na C63 iliyowapa sifa ilikuwa na V8 ya cc 6208, farasi 457. AMG Line ni bampa, rimu na vitu vya ndani, vizuri tu, ila injini ni ya C180 ile ile.

Mwambie hata Mercedes wenyewe ile namba imewasumbua. C63 iliyotoka 2022 ina injini ya silinda nne cc 2000 pamoja na mota ya umeme, jumla farasi 680, nguvu kuliko C63 yoyote iliyopita, na wapenzi wengi wakaikataa kwa sababu walizoea sauti ya V8 chini ya namba hiyo. Sasa kama kiwanda kimeulizwa, yeye na C180 atajibu nini akipaki pembeni ya mtu anayejua magari? Ujerumani mtu ananunua gari mpya na kuomba isiwekwe namba nyuma kabisa, inapendeza sana, hilo ndo ningemshauri.

Akishabandika msiichokoe na kisu. Pasha ile nembo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilainike, pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake ukiuvuta huku na huku, gundi inayobaki ifute na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini halafu osha kwa sabuni.