Nilivyoacha kompyuta nikashika mabomba ya AC

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuchapa namba za makontena. Herufi nne, tarakimu saba. Herufi nne, tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho imewekwa makusudi kuwaumbua wanaokosea: ukipindisha moja tu kabla yake, mfumo unakataa, mteja anapiga simu, bosi anakuja kusimama nyuma ya kiti chako bila kusema neno. Ofisi ilikuwa Posta, katikati ya Dar, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na meza yangu ilitazama ukuta. Saa kumi na moja jioni natoka macho yanawasha, shingo imekaza kama niliyelalia tofali, halafu napanda daladala na kukaa tena, nikibahatika, mpaka Mbagala.

Sasa ni fundi AC, mwaka wa tano huu. Karibu kila wiki kuna mtu, mara nyingi mdada wa ofisini, ananiuliza: "Dada, na mimi kompyuta imenishinda, nitafute kazi gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo nayaweka yote hapa.

Kwanza ujue kinachokuchosha ni nini hasa. Kuna anayechoshwa na kukaa, kuna anayechoshwa na kioo, na kuna anayechoshwa na bosi akasingizia kompyuta. Huyu wa tatu abadilishe ofisi tu, asijitese na jua. Mimi nilijiona wa kwanza, nikaomba nihamishiwe kwa vijana wa fildi, wale wanaoshinda bandarini na kwenye bandari kavu wakifuatilia mizigo. Niliomba mara tatu ndipo nikakubaliwa. Miezi sita nilitembea, nikaungua jua, shingo ikapona kabisa. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kusubiri. Foleni ya geti, afisa wa ukaguzi katoka kidogo, kontena lako liko chini ya mengine matatu. Siku nzima unasubiri, jioni huna cha kuonyesha isipokuwa viatu vyenye vumbi. Hapo ndipo nilipojielewa: mimi nataka asubuhi nishike kitu kibovu, jioni nikiache kizima. Nikiwa nimekaa kwenye kile kiti nisingelijua hilo kamwe.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tazama kama ofisi hiyohiyo ina kazi ya nje: stoo, usambazaji, mauzo ya mtaani, kwenda saiti. Mshahara unaendelea, michango ya NSSF, akiba yako ya uzeeni, inaendelea, na wewe unausoma mwili wako kwa gharama ya tajiri.

Halafu kuna kilimo. Sitaki kumvunja mtu moyo, ila nami nimepita huko. Mnayakumbuka yale mahesabu ya matikiti yaliyokuwa yanazunguka WhatsApp? Heka moja, mashimo kadhaa, kila shimo matikiti mawili, kila tikiti shilingi 1,500, zidisha. Mimi niliyapanga kwenye Excel, tena kwa rangi. Nikakodi heka moja Mkuranga, nikamweka kijana, nikawa nasimamia kwa simu nikiwa Posta. Inzi wa matunda wakatangulia kuvuna. Yale yaliyosalia niliuza kwa bei ambayo haikurudisha hata pesa ya mafuta ya pampu. Ajabu ni kwamba nilikuwa nakimbia kompyuta kwa kutumia kompyuta. Kilimo ni kazi nzuri kwa anayekwenda shambani. Anayelima kwa simu bado yuko ofisini.

AC niliikuta palepale kazini. Siku moja kiyoyozi cha ofisi kikaanza kumwaga maji juu ya mafaili, akaitwa mzee mmoja na kijana wake. Watu wote wakaenda kunywa chai, mimi nikabaki kutazama. Akafungua, akavuta bomba la kutolea maji, akatoa ute mweusi na mjusi aliyekaukia humo. Nusu saa, kazi imekwisha, hewa inatoka safi. Nikamuuliza, "Mzee, naweza kuja Jumamosi nikakushikia vifaa?" Akacheka. Akasema, "Njoo, lakini kucha hizo ukate."

Kazi za aina hii hazitangazwi. Kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, utakuta nafasi za maafisa kilimo, wauguzi, madereva, na hizo ni kazi za kuzunguka, omba kama una sifa. Lakini kazi za mikono za mjini zinapatikana kwa kumshikia mtu vifaa. Nenda kwenye duka la vipuri, Kariakoo yamejaa, ukae pale saa moja unywe soda. Utawaona mafundi wanaingia na kutoka, utamjua nani anadaiwa, nani anaheshimiwa na muuzaji. Yule ambaye muuzaji anampa kifaa kwa mkopo bila kuandika, huyo ndiye wa kumfuata.

Nilifanya Jumamosi kumi na nne kama saidia fundi kabla ya kuacha ofisi. Namaanisha kumi na nne, siyo moja. Jumamosi ya kwanza kila kazi ni tamu, unapiga picha, unarudi nyumbani na hadithi. Ya sita ilikuwa Februari, mwezi ambao Dar hailali kwa joto, tuko juu ya bati saa saba mchana, na ile mashine ya nje, sisi tunaiita autidoo, inakupulizia moto usoni. Mzee akanipa bomba la shaba la nusu inchi nikate, nisafishe ukingo, nipanue mdomo wake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi akianza kuaminiwa. Nikakata taratibu, nikazungusha kifaa, mdomo ukafunguka duara zuri kama ua la alamanda. Nikamwonyesha. Mzee akatazama bomba, akanitazama mimi, akatazama chini miguuni kwangu. Nati ilikuwa pale kwenye bati. Inatakiwa uivike kwanza kwenye bomba, ndipo upanue, maana mdomo ukishapanuka nati haipiti tena. Nikaukata ule mdomo wangu mzuri, nikaanza upya, na bomba likapungua urefu. Kila fundi AC unayemwona amefanya kosa hilo, na atakayekwambia hajafanya usimpe AC yako.

Nilishuka jioni magoti yanatetemeka. Nikajiuliza kama Jumamosi ijayo nitakuja. Nikaja. Hicho ndicho kipimo nilichonacho: onja kazi katika saa yake mbaya kabisa, uone kama utarudi. Anayetaka upishi, asiende kuonja keki, aende kuosha masufuria saa nne usiku. Binamu yangu alitaka kuwa mwongoza watalii Kilimanjaro, akaanza kama mpagazi, kilo 20 za mzigo mgongoni kupanda mlima. Safari ya pili akarudi Moshi mjini kuuza vipuri vya pikipiki na ana furaha. Hakupoteza kitu, alijua mapema.

Kuhusu shule. Baada ya kuacha kazi nilijiunga na kozi fupi ya majokofu na viyoyozi VETA, chuo cha ufundi stadi. Watu wengine wanadharau, eti ufundi unajifunzia mtaani. Mtaani nilijifunza mikono, VETA nilijifunza sababu. Kwa mfano, kapasita, kile kidude kinachotunza umeme ndani ya mashine. Umezima umeme, umechomoa kila kitu, bado kapasita ina chaji ya kukurusha kutoka kwenye ngazi, na ukiwa ghorofa ya tatu habari ndiyo imeishia hapo. Mtaani unaambiwa "usiguse hiyo". Darasani unaonyeshwa namna ya kuitoa chaji kabla ya kugusa. Au gesi: R410A ina presha kubwa kuliko R22 ya zamani kwa zaidi ya nusu, na R32 iliyoko kwenye mashine nyingi mpya inashika moto. Huwezi kuzichezea kwa mazoea. Kama wewe tayari una miaka mtaani na huna cheti, VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti vyao bila kuanza moja. Ulizia chuo kilicho karibu nawe. Wateja wa maofisini wanauliza karatasi.

Tuje kwenye pesa, maana naona watu wengi wanalikwepa. Kama saidia fundi nilianza na shilingi 15,000 kwa siku yenye kazi. Siku isiyo na kazi ni sifuri, na nauli umeshatumia. Nilikuwa nimeweka akiba ya miezi sita, ikaisha mwezi wa tano. Ofisini mwajiri alikuwa anachangia NSSF upande wake. Ukijiajiri unachangia mwenyewe, na usipojilazimisha hutachangia. Bima ya afya vilevile. Nimewaona mafundi wazuri kuliko mimi wakichangiwa kwenye makundi ya WhatsApp baada ya kuanguka. Ukipiga hesabu ya kuacha mshahara, piga na hizi, siyo nauli na chakula tu.

Na mwili usidanganyike. Shingo imepona, sasa nina magoti na bega la kulia. Maumivu yalihama tu nyumba. Tofauti ni kwamba usiku nalala, zamani nilikuwa nageuka mpaka alfajiri. Vaa glovu, vaa mkanda wa usalama hata kama wenzako wanakucheka, na mashine ya nje usiibebe peke yako.

Kuwa mwanamke kwenye kazi hii kuna mawili. Mlinzi wa geti atakuuliza fundi yuko wapi huku umeshika ngazi. Kuna baba mmoja Mbezi Beach alinisimamia saa nzima akinielekeza namna ya kushika bisibisi. Upande wa pili, akina mama wanaokaa peke yao, na wale wenye mabinti nyumbani, wanapendelea niingie mimi chumbani kuliko kijana wasiyemjua. Wateja wangu wengi nimewapata hivyo, mama kwa mama, kwenye vikoba na misibani.

Kitu kingine kilichonipa wateja ni kukataa kujaza gesi. Mteja anapiga: "Fundi, AC haipoozi, gesi imeisha, njoo ujaze." Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kujaza kila mwaka bila kutafuta tundu anakukamua. Mimi napaka povu la sabuni kwenye maungio, natafuta panapotoa mapovu, naziba, napiga vakyumu, yaani nanyonya hewa yote iliyomo kwenye mabomba, ndipo nijaze kwa kupima kwenye mizani. Nyumba za karibu na bahari, Masaki, Kigamboni, mara nyingi tatizo ni chumvi inayokula mashine ya nje. Na safari nyingine nyingi kabisa hakuna uvujaji wowote, ni filta haijaoshwa tangu uchaguzi uliopita. Hapo naosha, nachukua pesa ya kuosha, naondoka. Nilipoanza, mzee alisema nitakufa njaa kwa ukweli huo. Mwaka wa pili akaanza kunitumia wateja wake.

Wanaodhani wataikimbia kompyuta moja kwa moja, samahani. Ofisi zinataka ankara iliyochapwa, TIN, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Rafiki yangu muuguzi alikwenda uuguzi kwa kupenda kuhudumia watu, sasa kila mgonjwa lazima aingizwe kwenye mfumo. Wapima ardhi wanakwambia siku moja porini, siku mbili kwenye ramani ofisini. Mimi nafungua laptop Jumapili jioni, saa moja, saa moja na nusu, na nikiri kwamba ile miaka saba inanisaidia: nina jedwali la kila mteja, aina ya mashine yake, siku niliyoiosha mara ya mwisho. Mafundi wenzangu wanategemea kumbukumbu.

Jedwali hilo ndilo linalonivusha Julai. Anayetaka kuingia kwenye AC huwa anaona Desemba hadi Machi, simu haikai chini, mteja anakubembeleza na bei hajadili. Haoni kipupwe, Juni mpaka Agosti, watu wanafungua madirisha na kukusahau. Mwaka wangu wa kwanza Julai nilipata kazi tatu. Tatu, mwezi mzima. Siku hizi ikifika Mei naanza kupiga simu: "Mama, mashine yako niliiosha Novemba, nikija Julai nakupunguzia." Shule na maofisi madogo nawapa mkataba wa kuosha mara tatu kwa mwaka, mara moja kati ya hizo lazima iangukie kipupwe. Majokofu nayo yanasaidia, maana jokofu linaharibika bila kujali msimu, na mwenye bucha hawezi kusubiri. Kwa hiyo unayetaka kuonja kazi hii, njoo Jumamosi za Februari upate jasho lake, halafu omba kwa fundi huyohuyo uje tena Julai, umuulize wiki hiyo amekula nini.