Vitundu kumi kwa siku

Machi 2020 nilikuwa mtunza stoo katika nyumba moja ya wageni huko Shela, kisiwani Lamu. Tarehe 13 ya mwezi ule ilitangazwa kuwa corona imeingia Kenya, tarehe 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na kufikia mwisho wa mwezi hapakuwa na mgeni wa kumtolea hata sabuni. Tuliitwa wote tisa, tukaambiwa twende nyumbani, tutapigiwa simu. Mimi simu hiyo sikuipata. Nilikaa miezi 26 bila mshahara, nina mke na watoto wawili, na babangu yu chini ya paa lile lile.

Naandika kwa sababu kila mara nakutana na kijana hapa Amu, mji wa Lamu, aliyemaliza chuo mwaka wa pili au wa tatu huu, au aliyeachishwa kazi, akaniuliza nilifanyaje nisivunjike moyo. Huwa sina jibu la kumpa tukiwa tumesimama kichochoroni. Hili ndilo jibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuficha. Kwa wiki tatu nilimwambia babangu kuwa nimepewa likizo ya malipo. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikafuata njia ya ufukoni kuelekea Shela, kama kilomita tatu hivi, nikakaa kwenye ukuta wa bahari mpaka maji yakijaa na kunifukuza. Ndipo narudi. Mji wetu huu vichochoro vyake ni vya mabega kugusana, habari haina pa kupita isimguse mtu. Siku moja baada ya chai mzee akaniambia, taratibu kabisa, "Mwanangu, hilo shati lafuliwa bure."

Nililia siku ile, na nashukuru nililia. Jioni yake tulikaa sote, na mke wangu, tukasema kilichopo na kisichopo. Kesho yake mke wangu alianza kukanda mahamri ya kuuza asubuhi. Ndugu yangu mvuvi, ambaye nilikuwa nikimkwepa nisije nikaonekana naomba, akaanza kuleta kitoweo bila kuulizwa. Wiki tatu nzima nilikuwa nimewanyima nafasi ya kunisaidia, huku nikidhani nawalinda. Ukiachishwa kazi, sema siku hiyo hiyo. Sema pia dukani. Mwenye duka tuliyekuwa tukichukua unga na mafuta kwake kwa daftari, nilikwenda nikamweleza kuwa deni sitalilipa mwezi huu, na kila Ijumaa nilipita kumsalimia hata kama sina kitu mkononi. Kilichovunja imani ya watu kwa wadaiwa wengi niliowaona ni kubadilisha njia wasikutane na anayewadai.

Saa iliyokuwa ngumu kwangu kuliko zote ni saa nne asubuhi. Alfajiri ina swala yake, asubuhi ina chai na watoto, Adhuhuri ina swala na chakula. Saa nne haina mwenyewe. Walio na kazi wamekwenda, mtaa umenyamaza, na wewe umelala chali unatazama boriti za dari, simu iko kifuani. Unaifungua, unaifunga. Nilihesabu siku moja: nilikuwa nimetuma maombi 41, nimejibiwa mara tatu, na zote tatu ni za kukataliwa. Thelathini na nane hazikurudi hata na neno. Watu walinambia subira huvuta heri, na mimi naamini subira, ni katika dini yangu. Lakini ile niliyokuwa nayo saa nne asubuhi haikuwa subira. Nilikuwa naoza.

Shangazi yangu hushona kofia. Marehemu mumewe alishona pia, na hapa kwetu si ajabu mwanamume kukaa na kofia na sindano, kwa hivyo sikuwa na haya ya kuvuka. Mwezi wa Julai nilikwenda kwake kumpelekea mahamri, akanikuta uso umeninywea. Hakuniuliza kitu. Akasema kwa Kiamu, "Ndoo kaa hapa (yaani njoo), nishikie hiki." Nikashika.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana ndani yake ndimo mlimo na ushauri wote nilio nao. Kofia ya mkono hushonwa kwa vitambaa viwili vyeupe vilivyowekwa pamoja: kipande cha duara cha juu, na ukuta wake. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha kila kitundu hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi, pindo kwa pindo, mpaka kiwe jicho la mviringo lisilozidi punje ya mtama. Kati ya vile vitambaa viwili hupenyezwa nyuzi ili kofia isimame, isilale kichwani kama kitambaa cha jikoni. Kofia moja ina mamia ya vitundu. Huwezi kuiharakisha. Ukivuta uzi kwa nguvu kitambaa hujikunja, ukiulegeza kitundu hufanya mdomo.

Siku ya kwanza nilishona vinne. Shangazi alivitazama karibu na dirisha, akachukua wembe, akavifumua vyote vinne, akanirudishia kitambaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Kwa karibu wiki mbili sikuwa na kitundu hata kimoja kilichobaki. Ajabu ni kwamba nilikuwa narudi. Baada ya miezi minne ya kukosa jibu la maana, hapa kulikuwa na mtu anayeitazama kazi yangu kwa makini na kuniambia haifai, na kwa nini haifai. Ilikuwa heshima kubwa kuliko ukimya wa zile barua 38.

Kufikia Septemba nilikuwa natimiza vitundu kumi kwa siku ambavyo shangazi havifumui. Nikaweka hicho kuwa kipimo changu. Kumi, kabla ya Adhuhuri, hata kama nina homa ndogo, hata kama usiku uliopita tumelala na chai tupu. Na ile saa nne ikapata mwenyewe. Usiku nikilala nilikuwa naiweka kofia juu ya sanduku karibu na kitanda, na gizani naweza kupapasa kwa kidole nilipofika jana na nilipofika leo. Ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikiniua. Ukiomba kazi leo ukaomba kesho, hujui kama umesogea au umerudi nyuma, na moyo wa mtu hauwezi kuvumilia muda mrefu bila kuona umesogea.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayeniuliza ni huu: tafuta kazi ya mikono au ya akili ambayo mwisho wa siku unaweza kuigusa. Si lazima iwe kofia. Angalia iwe ya gharama ndogo, maana ukianza kwa mkopo umeongeza mzigo. Iwe na mtu aliyekutangulia, wa kukufumulia. Na iwe na mwisho, kitu kitakachokamilika, kwa sababu mambo yasiyokwisha unayo tayari. Binti mmoja mtaani kwetu aliandika maneno yote ya nyumba za kale aliyoyasikia kwa bibi yake, daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (ukumbi mrefu), zidaka (vishubaka vya ukutani), kila neno na mchoro wake, daftari mbili. Jirani yangu dereva wa boti alikuwa akiokota kandambili zinazoletwa na bahari na kuchonga wanyama. Wazo hilo halikuwa geni hapa. Mapema 2019 tuliona Flipflopi, jahazi dogo la mita 9 lililoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili, likisafiri mpaka Zanzibar. Aliyeliona likiondoka hawezi tena kuitazama taka ya ufukoni kwa jicho lile la zamani.

Wapo watakaokwambia jifunze kwa wavuvi. Nami nasema hivyo, ila kwa tahadhari. Kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba, bahari ya nje huchafuka na wengi hawatoki. Ukipita ufukoni wakati huo utawaona wanatengeneza nyavu, wanatia kalafati kwenye nafasi za mbao kwa tindo na nyundo, wanapaka chombo deheni, mafuta ya kulinda mbao. Hakuna anayewaita wavivu. Lakini mvuvi anajua kaskazi itarudi, na anajua mwezi. Wewe hujui. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa, na mtu akikufananisha na mvuvi bila kuitaja anakuonea. Mvuvi anaweza kungoja huku akitengeneza. Wewe inabidi utengeneze kana kwamba hungoji kitu.

Maombi ya kazi sikuyaacha. Niliyapa siku mbili, Jumatatu na Alhamisi, saa mbili mpaka saa nne, basi. Nikimaliza, simu naizima data. Tangu nifanye hivyo barua zangu zilikuwa bora, maana sikuwa naziandika kwa hofu ya saa saba za usiku.

Hofu hiyo ndiyo iliyonitia hasara kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa 2021 wakala mmoja, simtaji, aliniahidi kazi ya stoo katika nchi ya Ghuba. Alitaka shilingi 20,000 za karatasi. Mke wangu aliuza bangili yake, ile aliyopewa na mamake siku ya harusi. Wakala alipokea, akanitumia fomu yenye mhuri, akapotea. Bangili ile sijairudisha mpaka leo, ingawa nimeweka nia. Ukiahidiwa kazi ya nje, usitoe hata shilingi mia kabla ya kuangalia kama wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ukiambiwa "lipa leo, nafasi inafungwa kesho," iache ifungwe. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi huwa hatafuti tena kazi, anatafuta kutoka katika ile hali, na matapeli wanaijua harufu hiyo.

Kuhusu baraza nitasema jambo moja. Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, palikuwa na watu wa kila namna wakati ule, na nilipokuwa nakwenda mikono mitupu kila salamu iliishia kwenye swali lile lile: "Bado hujapata?" Nikawa naona afadhali nisitoke. Kuna waliotoka kwa mlango wa nyuma wa swali hilo wakaangukia mambo ambayo hapa kwetu yamekula vijana wengi, na wengine wao nilisoma nao madrasa. Siku nilipoanza kwenda na kofia mkononi, swali likabadilika. Wakawa wanauliza, "Umefika wapi?" Mzee mmoja aliitwaa, akaisogeza kwenye mwanga, akahesabu mstari mmoja kwa ncha ya kucha. Kutoka siku hiyo nilikuwa na jambo la kuwajibu watu, na nikarudi barazani.

Kofia ya kwanza ilinichukua miezi minne na nusu. Ukuta wake ulikuwa umepinda kidogo upande wa nyuma, haikuuzika. Ya pili niliiuza 4,500. Ukigawa pesa hizo kwa siku nilizokaa na sindano utaona si mshahara, wala sitaki mtu adhani tulikula kofia. Tulikula mahamri ya mke wangu na samaki wa ndugu yangu, na mikopo ya simu niliyoilipa kwa taabu mpaka nikaapa kuiacha.

Mwisho wa Mei 2022, majira ambayo nyumba nyingi za Shela hufunga na kukarabatiwa, fundi mmoja wa chokaa aliyekuwa akiniona Mkunguni alinifuata. Walikuwa wanahitaji mtu wa kuhesabu mifuko na boriti zinazoshuka kutoka botini, kwani vitu vilikuwa vinapungua. Akasema anataka mtu anayeweza kukaa mahali pamoja akaangalia jambo moja. Nilianza Jumamosi. Ile iliyokuwa kazi ya wiki sita imekuwa kazi yangu mpaka sasa. Siwezi kusema kofia ndiyo iliyonipa, kwani nawajua walioshona vizuri kuliko mimi na bado wanatafuta. Nasema tu kwamba fundi yule alipokuja alinikuta niko hai.

Kofia ile ya kwanza anayo babangu. Huivaa Ijumaa, upande uliopinda akiuweka nyuma, na akiulizwa na wenzake msikitini hutaja aliyeishona.

Nami nimo kwenye ya saba. Hukaa daka letu baada ya Alasiri mpaka mwanga ukiisha. Kama uko Amu na saa nne zako hazina mwenyewe, njoo. Kitambaa kipo, wembe upo, njoo na sindano yako, nambari tisa au kumi, nyembamba.